Kabla ya kubadili fomula, kagua daftari lako la maporomoko

Swali: Nafanya kazi ya mipango ya ardhi Lushoto. Nina nukta 61 za maporomoko ya udongo nilizokusanya kando ya barabara ya Mombo–Soni–Lushoto na vijiji vya jirani, nyingi za mvua za mwisho wa 2019 na mwisho wa 2023. Nimechukua data ya mwinuko ya SRTM (iliyopimwa kwa rada kutoka angani), nikaandaa tabaka 11 za ramani, kama mteremko na umbali kutoka barabarani, na kupiga uwiano wa matukio (sehemu ya maporomoko iliyo katika kila kundi la ardhi kugawanya kwa sehemu yake ya eneo) kwa wilaya nzima. AUC, kipimo cha ramani inavyotenganisha palipoporomoka na pasipoporomoka (1 ni kamili, 0.5 ni kubahatisha), imetoka 0.94. Lakini ramani imepaka nyekundu kila palipopita barabara, na wazee wanasema mahali nyumba zilipofukiwa miaka ya nyuma pametoka kijani. Je, nihamie kwenye misitu nasibu (njia ya kompyuta inayounganisha miti mingi ya maamuzi)? Na ramani hii inafaa kupelekwa halmashauri itumike kugawa viwanja?

Jibu: Usiipeleke bado, ndugu, na misitu nasibu haitakuokoa. Fomula uliyotumia ni nyepesi lakini si mbaya. Tatizo liko kwenye nukta zenyewe na kwenye namna ulivyoipima ramani. Ukilisha data hiyohiyo kwenye njia yenye nguvu zaidi, itajifunza kosa lilelile kwa ustadi mkubwa zaidi, na AUC huenda ikapanda hadi 0.98.

Ramani yako imejifunza mahali ulipopita wewe. Nukta zimekusanywa barabarani, halafu umbali kutoka barabarani ukawa mojawapo ya tabaka 11. Lazima tabaka hilo litoke na uzito mkubwa kuliko yote. Barabara inayochongwa kwenye mteremko huleta maporomoko kweli, hilo halina ubishi. Ila kwa nukta za aina hii huwezi kutenganisha athari ya mkato wa barabara na athari ya macho yako kutofika ng'ambo ya kilima. Wazee wanaona kasoro ambayo AUC haiwezi kuiona, kwa sababu AUC imepimwa kwa nukta za barabarani vilevile.

Basi anza na daftari la matukio. Hapo ndipo asilimia kubwa ya muda wako iende, kuliko kwenye kompyuta.

Kwanza tenganisha aina. Udongo wa juu ulioteleza kwa kina cha mita moja au mbili na kugeuka matope ni jambo moja. Kipande kikubwa cha kilima kinachozama taratibu kwa mzunguko ni jingine, na mawe yanayoanguka kutoka ukuta wa mwamba wa gneisi uliochongwa kwa ajili ya barabara ni la tatu. Vyanzo vyake havifanani, na ukivichanganya kwenye modeli moja uzito wa mteremko utakuwa wastani usioeleza chochote. Kwa mipango ya makazi Usambara Magharibi, shughulika kwanza na maporomoko ya udongo wa juu. Mawe ya barabarani yaandalie orodha yake: urefu wa mkato, mwelekeo wa nyufa za mwamba, hali ya mitaro na makalavati.

Pili, tafuta matukio yaliyo mbali na barabara. Fungua picha za zamani za Google Earth, kisha picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo zipo tangu 2015 kwa pikseli za mita 10. Linganisha picha ya kabla ya vuli na ya Januari au Februari baada yake, mawingu yanapopungua. Kovu jipya huonekana kama mchirizi mwekundu au wa kahawia unaoanza ghafla katikati ya kijani na kupanuka au kurefuka kuelekea korongo. Usichelewe mno: kwa mvua za Usambara, kovu dogo hufunikwa na magugu, mahindi au migomba ndani ya misimu michache. Poromoko la upana wa mita 15 huenda usilione kabisa kwenye Sentinel, na hapo ndipo wazee wanapohitajika. Usimuulize mzee mwaka peke yake. Muulize lilitokea kabla au baada ya mvua za El Niño za 1997/98, kabla au baada ya shule kujengwa, kisha mwombe akupeleke pale. Kila tukio lipewe safu hizi: aina, tarehe au kipindi, chanzo cha habari (picha, uwanda, simulizi), na kiwango cha uhakika kuanzia 1 hadi 3.

Tatu, angalia nukta imewekwa wapi ndani ya poromoko. Hili huharibu ramani nyingi bila mwenyewe kujua. Mtu huchora poligoni (mpaka) ya eneo zima lililoharibika, kisha programu huchukua kitovu chake. Kitovu mara nyingi huangukia kwenye lundo la udongo chini, penye mteremko wa nyuzi 10, wakati udongo ulikatika juu penye nyuzi 33. Modeli inaishia kujifunza mahali matope yalipotulia. Chora kovu la chanzo peke yake na uweke nukta kwenye theluthi yake ya juu. Ukiwa uwandani, pima mteremko kwa klinomita (kifaa cha kupimia pembe ya mteremko) kwenye ardhi isiyoguswa pembeni mwa kovu, si ndani yake, na upime kwa utepe wa kupimia upana, urefu na kina cha ukingo wa juu. Kwenye ukingo huo utaona pia udongo ulikatikia wapi: mara nyingi ni pale tabaka legevu la juu linapokutana na mfinyanzi mgumu au mwamba uliooza, na penye unyevu unaochuruzika hata siku ambayo mvua haikunyesha.

Tukija kwenye data ya mwinuko, SRTM ilirekodiwa Februari 2000. Kwa maporomoko ya 2019 na 2023 hiyo ni faida, kwa kuwa inaonyesha mteremko ulivyokuwa kabla ya kukatika. Ukitumia data iliyorekodiwa baada ya tukio, utapima umbo la kovu badala ya umbo la mahali palipokuwa hatarini. Kasoro ya SRTM ni kwamba kwenye msitu mnene rada yake husoma karibu na vilele vya miti. Ukingo wa msitu wa Magamba unaweza kutokea kama ngazi ya mita kadhaa, na hesabu ya mteremko ikaugeuza genge lisilokuwepo. Kagua mistari ya mteremko mkali inayofuata mpaka wa msitu, uifiche isiingie kwenye hesabu. Wengi pia hupakua ile data ya mita 12.5 inayoambatana na picha za rada za setilaiti ya ALOS (PALSAR) wakidhani wamepata undani zaidi. Kwa eneo letu hiyo ni SRTM ileile iliyogawanywa upya, kwa hiyo undani ni wa mita 30 tu.

Geuza tabaka zote ziwe kwenye mfumo wa ramani unaopima kwa mita, UTM kanda ya 37 Kusini kwenye WGS 84 (EPSG:32737), kabla ya kupiga mteremko. Ukipiga mteremko kwenye data iliyo katika nyuzi za latitudo na longitudo, karibu kila seli (mraba mmoja wa data) itatoka na nyuzi zinazokaribia 90. Na kama umechukua nukta au mito kutoka ramani za zamani za 1:50,000, kumbuka hizo ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuonyesha mahali. Ukisahau kubadili, kila kitu husogea karibu mita 300 kaskazini au kusini. Kwa milima kama ya Soni, mita 300 zinatosha kulihamisha poromoko kutoka kwenye mteremko hadi bondeni.

Sasa punguza tabaka. Kumi na moja kwa matukio 61 ni nyingi mno. Bakiza mteremko, umbo la ardhi kwa mlalo (mahali maji yanapokusanyika dhidi ya mahali yanapotawanyika), eneo linalomwaga maji juu ya seli, matumizi ya ardhi, na pengine mwelekeo wa mteremko. Mwelekeo usiuingize kama namba ya 0 hadi 360, kwa sababu nyuzi 359 na nyuzi 1 ni kaskazini ileile. Tumia sini na kosini yake.

Mvua ya CHIRPS, yaani makadirio ya mvua yanayotumia setilaiti, iache. Seli yake ni nyuzi 0.05, yaani kama kilomita 5.5 kwa upande na takriban kilomita 30 za mraba. Ndani yake mna vilima na mabonde mengi yanayopewa namba moja, na kwa matukio 61 tabaka hilo hugeuka alama ya "seli nilizotembelea". Mvua ni kichochezi. Ishughulikie kando kwa tarehe za matukio na vipimo vya kila siku vya vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Jiolojia nayo ina mipaka yake: kwenye ramani ya 1:125,000, mstari wa milimita moja ni mita 125 ardhini, na kama gneisi imefunika karibu eneo lako lote, tabaka hilo halina cha kutofautisha.

Matumizi ya ardhi yana mtego wake. Ramani kama ESA WorldCover, ya Shirika la Anga la Ulaya, ni ya 2020 na 2021. Poromoko la 2019 linaweza kuonekana humo kama ardhi tupu, kisha modeli ikakwambia ardhi tupu husababisha maporomoko, kumbe ni poromoko lililoifanya iwe tupu. Mashamba ya migomba yaliyochanganyika na miti mara nyingi huhesabiwa humo kama miti, kwa hiyo usishangae "msitu" kutoka na uzito wa hatari. Na matuta ya ngazi, ambayo Lushoto yamekuwa jambo kubwa tangu kampeni za hifadhi ya udongo za miaka ya 1980, hayaonekani humo hata kidogo, wakati tuta linalotuamisha maji juu ya mfinyanzi na tuta lenye mfereji wa kutolea maji ni vitu viwili tofauti kabisa. Tumia picha ya kabla ya matukio, na matuta yachore kwa mkono kwenye picha zenye undani.

Turudi kwenye ile 0.94. Imepatikana kwa urahisi kwa sababu umepiga hesabu kwa wilaya nzima, ikiwa ni pamoja na tambarare za bonde la Umba. Kutofautisha ukingo wa mlima na tambarare hakuhitaji takwimu. Toa kwenye uchambuzi ardhi yote yenye mteremko chini ya nyuzi 5, na AUC itashuka papo hapo. Isikuvunje moyo: 0.76 iliyopatikana ndani ya milima peke yake ni habari ya maana kuliko 0.94 ya mlima dhidi ya uwanda.

Nukta za "hapakuporomoka" nazo zisitoke mahali ambapo hukuwahi kuangalia. Tumia zana ya upeo wa kuona, mfano r.viewshed ya GRASS ndani ya programu ya ramani ya QGIS, upate maeneo yanayoonekana kutoka barabara na njia ulizopita. Ongeza maeneo uliyoyakagua kwa picha safi bila mawingu. Eneo hilo lililokaguliwa, ukiondoa ukanda wa mita 100 kuzunguka kila kovu, ndilo pekee la kuchukulia nukta za kutokuwepo. Chukua mara tano ya matukio, yaani kama 305. Rudia uchukuaji huo mara 50 au 100 kwa bahati nasibu na uone uzito unavyoyumba. Tabaka ambalo alama yake hugeuka kutoka chanya kuwa hasi kila unaporudia, litupe.

Uwiano wa matukio endelea nao kama hatua ya kwanza ya kuielewa data, lakini ongeza hesabu ya uzito wa ushahidi ili ujue ni namba zipi za kuaminika. Tuseme daraja (kundi) la mteremko wa nyuzi 30–40 lina asilimia 12 ya eneo na nukta 17 kati ya 61. Uwiano ni (17 ÷ 61) ÷ 0.12, yaani 2.32. Uzito chanya ni logi asilia ya 2.32, sawa na 0.84. Uzito hasi unatokana na nukta 44 zilizobaki nje ya daraja: logi ya (44 ÷ 61) ÷ 0.88, sawa na −0.20. Tofauti yao ni 1.04. Kosa lake la kawaida, yaani kipimo cha namba hiyo inavyoweza kuyumba, ni takriban kipeuo cha pili cha (1/17 + 1/44), yaani 0.29. Gawanya 1.04 kwa 0.29 upate karibu 3.6. Imepita 1.96, kizingiti cha kawaida cha takwimu, basi daraja hilo linasema kweli.

Sasa chukua daraja lenye asilimia 2 ya eneo na nukta 2. Uwiano ni 1.64, na kwenye ramani litapakwa rangi ya hatari. Ila tofauti ya uzito ni 0.51 na kosa la kawaida ni 0.72, mgawo ni 0.7 tu. Nukta moja ingeangukia jirani, rangi ingebadilika. Unganisha daraja hilo na linalofuatana nalo. Hesabu kwa matukio, kamwe si kwa seli. Poromoko lenye seli 10 ni tukio moja, na ukilihesabu kumi, kosa la kawaida linapungua zaidi ya mara tatu bila ya wewe kupata habari yoyote mpya.

Udhaifu wa njia hizi mbili ni kujumlisha uzito kana kwamba tabaka hazijuani. Mteremko, mwinuko na unyevu wa ardhi hushirikiana, kwa hiyo sababu moja huhesabiwa mara tatu. Ndiyo maana kwa ramani ya mwisho nakushauri regresheni ya lojistiki, inayopima kila tabaka huku ikizingatia mengine. Kanuni ya vitendo ni matukio 10 kwa kila kigezo, kwa hiyo kwa matukio 61 usizidishe vigezo sita. Angalia kipimo cha VIF, kinachoonyesha vigezo vinavyorudia habari ileile, na kikizidi 5 ondoa kimojawapo cha vinavyofanana. Mteremko uingie pamoja na mraba wake. Hatari haipandi daima kadiri mteremko unavyokaza, kwa kuwa kwenye kuta kali sana udongo haukai na hakuna cha kuteleza zaidi ya mawe. Misitu nasibu ifikirie ukishakuwa na matukio mia kadhaa.

Barabara una njia mbili za kuifanyia. Iondoe kabisa, au iingize wakati wa kufundisha modeli kisha, unapochora ramani, seli zote zipe umbali uleule, tuseme mita 500. Kwa namna hiyo modeli inaupa mzigo wa "nilikopita" mahali pake, na mzigo huo hauingii kwenye rangi. Mimi ningechukua ya pili, kwa sharti kwamba una angalau matukio 20 yaliyo mbali na barabara.

Kupima usitumie mgawo wa bahati nasibu wa asilimia 70 ya nukta za kufundishia kwa 30 za kupimia. Nukta ya kupimia huangukia mita 80 kutoka nukta ya kufundishia, na hapo modeli inanakili jirani. Gawa eneo kwa mabonde ya mito, kama mikondo ya Umba kaskazini na ile inayoshuka kupitia Soni kusini, upate vipande vitano. Fundisha kwa vinne, pima kwa cha tano, zungusha. Kila kipande kitakuwa na matukio kama 12, kwa hiyo andika AUC zote tano na si wastani pekee. Kisha fanya jaribio la wakati: fundisha kwa matukio ya hadi 2019, pima kwa ya 2023. Mwisho, jenga modeli yenye mteremko peke yake. Ikitoa 0.74 na modeli yako kamili 0.76, waambie wakubwa wako hivyo waziwazi, kwa sababu hapo ramani ya mteremko iliyochorwa vizuri ingewatosha.

Namba zinazotoka kwenye regresheni si asilimia za uwezekano. Umechukua nukta moja ya poromoko kwa tano za kutokuwepo, na ardhini uwiano hauko hivyo. Seli yenye 0.7 ina hatari kubwa kuliko yenye 0.3, basi. Madaraja ya rangi pia usiyaachie kitufe cha programu cha kugawa "kiasili". Panga seli zote kutoka juu hadi chini, uone asilimia ngapi ya eneo inakamata asilimia ngapi ya matukio ya kupimia. Kauli kama "asilimia 20 ya eneo la milima inabeba matukio 38 kati ya 61" diwani anaielewa na anaweza kuihoji. AUC hawezi.

Hata ikikamilika, ramani hii ni ya kupangia kata na vijiji kwa kipimo cha 1:50,000: wapi pakaguliwe kwanza, wapi pasianzishwe makazi mapya bila mtaalamu wa jiolojia kufika. Seli moja ni mita za mraba 900, na kiwanja cha kujenga mara nyingi ni kidogo kuliko hapo. Kugawa kiwanja kimoja kimoja kwa rangi ya seli ni kuwadanganya watu.

Na kuna jambo ambalo huenda ndilo lililofanya zile nyumba zilizofukiwa zitoke kijani. Ramani ya aina hii huonyesha udongo unapokatikia. Haionyeshi unakokwenda. Desemba 3, 2023, matope na mawe yaliyoanzia kwenye miteremko ya Mlima Hanang yalishuka hadi Katesh na Gendabi, yakaua zaidi ya watu 80, na wengi wao walikuwa chini ya mlima, kwenye ardhi ambayo modeli yoyote ya mteremko ingeipaka kijani. Nyumba iliyojengwa kwenye mdomo wa korongo, juu ya ule uwanda mdogo wenye rutuba uliotandazwa na mafuriko ya zamani, iko katika hali hiyohiyo.

Kwa hiyo chukua seli za daraja la juu kama vyanzo, kisha fuata njia ya maji kuteremka kutoka kila chanzo. Programu ya Flow-R hufanya hivyo kwa data ya mwinuko tu. Kwa makadirio ya kwanza ya mtiririko wa matope na mawe hutumika sana pembe ya nyuzi 11 kutoka chanzo hadi mahali unapoishia: chanzo kilicho mita 300 juu ya bonde kinaweza kufika umbali wa mlalo wa kilomita 1.5. Pembe hiyo irekebishe kwa makovu yako yenye lundo linaloonekana, ukigawa kimo kwa umbali wa kila moja. Maporomoko madogo yasiyoingia korongoni huishia karibu zaidi, na ukiyatumia yote pamoja utapata pembe isiyofaa kwa upande wowote. Kisha nenda kwenye midomo ya makorongo yaliyotajwa na wazee, utazame kingo za mkondo: mawe makubwa yenye pembe kali yaliyochanganyika na matope bila kupangika kwa ukubwa ni alama kwamba mtiririko wa aina hiyo umeshapita hapo. Mahali hapo papake rangi ya hatari hata kama modeli imepaacha kijani, na uandike kwenye ufunguo wa ramani kwamba rangi hiyo imetokana na ukaguzi wa uwandani.